Sina Pepo, Nina Joto: Kutoka Kiuyu Hadi Makoongwe

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu ananiuliza swali lile lile: "Bi Time, ulifikaje Makoongwe na jua lile?" Nimempa kila mmoja kipande kidogo, na sasa nasikia vipande hivyo vinatembea mtaani vikiwa vimeungwa na uongo. Mmoja anasema gari iliwaka moto, mwengine anasema nilizimia njiani nikasomewa Yasini. Basi naandika mwenyewe, mpokezane, mwenye macho amsomee asiyeona vizuri.

Nyinyi mnaonijua mnajua kwa nini mimi ni mtu wa ndani. Kwa asiyejua, nilipokuwa msichana mdogo jiko la mafuta ya taa lilinilipukia. Mgongo, mabega, mikono yote miwili na sehemu ya kifua viliungua. Ngozi ilipona, lakini ile iliyoota pale si ngozi ya kutoka jasho. Daktari alinieleza hivyo: joto likiingia mwilini mwangu halina mlango wa kutokea. Kwanza kichwa kinagonga, halafu natapika, halafu naanza kusema maneno yasiyokuwa na kichwa wala miguu. Ndiyo maana mchana nakaa chumbani na kanga mbichi, iliyoloweshwa maji, nikishona kofia zangu, na matembezi yangu ni baada ya magharibi.

Binti yangu Riziki aliolewa Makoongwe, kisiwa kidogo ng'ambo ya Mkoani, kusini ya Pemba. Harusi ilikuwa huko huko, mchana, wakati wa kaskazi, msimu wa joto kali, na mimi sikwenda. Nilipeleka sinia na nguo na udi, nikamkataza Riziki asimwambie mtu habari za mwili wangu, maana sipendi kuonewa huruma na watu ambao hawajaniona uso. Kumbe ukimya huo ulitafsiriwa kule. Mama mkwe wake, Bi Mize, aliamini kwamba mimi ni mwanamke wa kujiona, ninayewadharau watu wa kisiwa kidogo. Riziki alipojifungua akanipigia simu, na sauti yake haikuwa ya mzazi mwenye furaha.

"Mama, hapa wanasema mtoto huyu ana bibi mmoja tu."

Nikamwambia, "Siku ya arobaini nitakuwepo."

Kiuyu

Ndugu yangu Faki, mdogo wangu wa tumbo moja, ana gari ndogo ya Kijapani aliyoinunua ikiwa imeshachoka. Kitu kimoja tu kilikuwa cha maana ndani yake, nacho ni AC. Aliijaza gesi kwa ajili ya safari hii, na tulipanga tutoke alfajiri ili tufike Mkoani kabla jua halijawa kali. Kule mkwe wangu Shaame, mume wa Riziki, angenisubiri na boti. Ilibidi tuwahi maji yakiwa yamejaa, kwani yakitoka boti haisogei pwani, na abiria hushuka mbali akatembea juu ya matope jua likimpiga. Kwa mtu mwengine huo ni usumbufu. Kwangu mimi hapo safari ingekufa.

Alfajiri ikaingia, Faki hayupo. Jirani yake alishikwa na uchungu na gari ya karibu ilikuwa hiyo. Ungemlaumu vipi? Aliporudi kutoka kumpeleka, jua lilikuwa limeshavuka vilele vya minazi.

"Dada, tughairi?" aliniuliza.

"Mwanamke amezaa?"

"Amezaa, mtoto wa kike."

"Basi ya kwao yameisha. Sasa ya kwangu. Washa gari."

Feni ya ile AC ilikuwa na namba nne za kasi. Namba moja na mbili zilishakufa zamani, na namba tatu ilikufa wiki ile. Faki alikuwa akiendesha kwa namba nne tu, ikivuma kama mashine ya kukoboa mpunga. Nilipomuuliza akasema, "Nne inatosha, dada. Kwani weye unataka kuchagua upepo?" Nikajifunga kanga mbichi chini ya buibui, nikakaa mbele, ubaridi ukanipiga usoni, na kwa muda nikajiona kama waziri.

Mgogoni

Tulikuwa tunaingia Mgogoni niliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Ilitoka karibu na magoti yangu, chini ya kisanduku cha kuwekea makaratasi. Faki alidhani watu wanachoma taka. Mara feni ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha swichi moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akaitoa, akaitazama juani. Fyuzi ilikuwa nzima.

Tulifungua madirisha yote. Gari ikienda, upepo wa nje unasaidia kidogo, lakini Faki alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini ya dashibodi, akinusa kama mbwa anayetafuta mfupa, na mimi joto lilikuwa likinipanda shingoni. Nikamwambia animwagie maji. Alikuwa na chupa kubwa nyuma, akaanza kunimwagia mabegani juu ya buibui, huku midomo yangu ikitetemeka.

Hivyo ndivyo watu wa Mgogoni walivyotukuta: mwanamke ameegemea kiti, macho yamelegea, analowa, na mwanamme anamwagia maji akisema, "Tulia dada, tulia." Wanawake waliokuwa wanatoka shamba wakasimama. Mmoja akauliza, "Amepanda tangu lini?" Faki, ambaye alidhani anaulizwa nimepanda gari lini, akajibu, "Tangu asubuhi." Basi! Nikasikia yule mama anamwita mwenziwe alete chetezo upesi.

Chetezo kikaja kimejaa makaa na ubani, kikaingizwa dirishani mwangu. Moshi na moto vikanivaa usoni. Mama huyo akanishika kichwa, akaanza kusoma kwa sauti, na katikati ya kusoma akawa anamuuliza pepo aliyenipanda jina lake na anachotaka.

Nilikusanya nguvu zote nilizokuwa nazo. "Bi mkubwa," nilimwambia, "mie sina pepo. Nina joto."

Akaacha kusoma. Akanitazama. "Joto?"

"Joto. Niondolee moto huo, nipe maji ya kisima."

Mwanamke huyo, Bi Hidaya, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akainuka akanichukua kwake kama mtu aliyenizaa. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, ndani baridi kama pangoni. Alinilaza sakafuni juu ya mkeka, akalowesha kanga zake mwenyewe akanifunika, na kichwa kilipoacha kugonga akaniwekea sahani ya shelisheli la kuchemsha na changu wa kukaanga. Nilikula kama niliyetoka mfungoni. Hakuniuliza chochote kuhusu makovu, ingawa aliyaona yote. Aliuliza tu, "Unakwenda mbele au unarudi?"

Faki alikuwa mlangoni, uso umemshuka. "Turudi, dada. Kutoka hapa hadi Kiuyu nitakufikisha. Mkoani siwezi kukupeleka hivi. Ukinifia njiani nitamwambia nini Riziki?"

"Na nikirudi, mie nitamwambia nini?"

"Utamwambia gari imeharibika."

"Niliposhindwa kwenda harusini nilikuwa na sababu pia, Faki. Sababu zangu haziishi. Gari hii itengenezwe."

Akasema mafundi wa gari wako Chake. Nikasema basi twende Chake. Bi Hidaya akanijazia ndoo ya maji, akaiweka miguuni pangu na kata ndani yake. Kanga zake mbili zilizolowa hakuzitaka. "Zitakurudisha Mgogoni siku nyengine," alisema.

Mgogoni hadi Chake Chake

Njia hii sitaisimulia sana kwa sababu sehemu kubwa yake niliiona kwa jicho moja. Faki aliendesha madirisha yakiwa wazi, nami nilikuwa nachota maji kwa kata na kujimwagia, gari ikayumba kila ninapomrushia na yeye. Penye vilima upepo ulikuwa mzuri. Tuliposimamishwa na ng'ombe waliokuwa wanavuka, nilihesabu pumzi zangu na kumsomea mchungaji wao dua ya miguu myepesi.

Mjini Chake, Faki aliegesha kivulini akaingia duka la spea. Alikuwa amepiga simu kwa rafiki yake, akaambiwa kinachokufa katika feni za namna ile ni kitu kinachoitwa rizista, ndicho kinachopunguza na kuongeza kasi. Akaingia amejaa uhakika. Nilimsikia kutoka garini: "Nataka rizista ya feni, ile ya kubadilisha spidi."

"Aah, reguleta! Hapa hatuna. Nenda duka la vitu vya umeme, pale kona."

Akaondoka mbio. Akarudi anatabasamu, ameshika kiboksi cheupe. Ndani mlikuwa na kitufe kikubwa cha mviringo chenye namba moja hadi tano.

"Hii ina mpaka tano, dada! Yetu ilikuwa nne tu."

Niliitazama. Nyumbani kwangu ninayo moja, ipo ukutani, inaendesha feni la dari. "Faki," nilimwambia, "hii utaifunga wapi, paji la uso?"

Alisimama pale juani akiiangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile sote wawili tukacheka. Halafu akairudisha, na muuzaji wa umeme, aliyekuwa amecheka kuliko sisi, akatuelekeza kwa fundi aitwaye Mbwana.

Gereji kwa Mbwana

Mbwana ni mtu mfupi mwenye mikono mipana, asiyependa maneno. Alilala chali kwenye sakafu ya gari upande wangu, miguu yake nje, akafungua kisanduku cha makaratasi, akatoa plagi. Akaniletea niione. Ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa, na kile kidude chenyewe, rizista, chenye nyaya zilizoviringwa kama springi ndogo, kilikuwa cheusi.

"Hiki kilikufa zamani," alisema. "Namba nne haipunguzwi na hiki, lakini umeme wake unapita kwenye soketi hii hii. Soketi imeyeyuka, nne nayo imekwenda."

"Kwa nini imeyeyuka?" nilimuuliza.

Akaingiza mkono kwenye feni yenyewe, akatoa konzi ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, nyuzi za gunia na manyoya. Panya alijenga humo. Gari ya Faki hulala karibu na jamvi la kuanikia karafuu, na panya huyo alijiwekea nyumba inayonukia. Feni ilikuwa inazunguka kwa kulazimishwa, ikivuta umeme mwingi kuliko kawaida mpaka waya ukapata moto. Mbwana akasema hata tukipata rizista mpya, bila ya kutoa uchafu ule nayo ingeungua.

"Ipo mpya?" Faki akauliza.

"Pemba hii? Ya gari hii? Labda uagize Unguja, isubiri meli."

Nilitazama nje. Maji ya bahari hayangesubiri meli. Ndipo nikaona, nyuma ya gereji, chini ya turubai, pua ya gari iliyofanana na yetu kabisa, rangi tu ndiyo tofauti.

"Na ile?"

Mbwana akatikisa kichwa. "Ile ya Ustadh Kombo, anasomesha madrasa. Injini imetolewa, anasubiri nyengine. Kaniapisha isitoke hata nati moja. Aliwahi kuweka gari gereji nyengine, alipoirudia ikawa imebaki bodi."

"Mpigie."

"Bi, atanigombeza."

"Mpigie, agombe na mimi."

Akapiga, akaweka sauti kubwa. Ustadh hakumruhusu hata kumaliza salamu. "Mbwana, tulisemaje mimi na wewe?" Nikaichukua simu. Nikatoa salamu, nikajitaja, nikamweleza kwamba gari yetu imeharibika feni ya AC na tunaomba kifaa chake, kwa bei atakayoridhika.

"Feni ya AC?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Bi Time, samahani, watu wa Pemba wamesafiri kwa punda na kwa miguu, na jua ni hili hili. Fungua dirisha. Mimi gari yangu nimeiweka amana."

Sikumlaumu. Angelikuja mtu kwangu akataka nimtolee kitu cherehanini ili akapigwe upepo, ningemjibu vibaya zaidi. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Mbwana, ndoo ya Bi Hidaya iko miguuni imebaki nusu, na kichwa kilianza tena kugonga. Neno ambalo sijapata kulisema kwa mtu nisiyemjua, nililisema pale mbele ya mafundi na wapita njia.

"Ustadh, mimi sitoki jasho. Niliungua nikiwa mtoto. Joto likiniingia halitoki, na likizidi litaniua. Nakwenda Makoongwe kumuona mjukuu wangu wa kwanza, leo ni arobaini yake, na watu wa kule wanaamini nimewakataa. Nikirudi Kiuyu leo, wataamini milele. Kama hutaki kutoa, sema, na mimi nitakwenda hivi hivi na ndoo yangu. Lakini sirudi."

Nilisikia watoto wanasoma nyuma yake, sauti zao zinapanda na kushuka.

"Mbwana yupo hapo?" aliuliza hatimaye.

"Nipo, Ustadh."

"Toa. Na soketi yake, na waya, ukate kwa urefu, usije ukamuungia kwa vipande." Halafu akasema nami, "Bi Time, nisamehe. Yangu haina injini, rizista itampa nani upepo? Nikipata injini nitatafuta nyengine. Nenda kamuone mjukuu wako."

Mbwana hakungoja. Akalitoa turubai, akalala ndani ya gari ya Ustadh kama alivyolala ndani ya yetu, skrubu mbili zikalia, akatoka nacho. Alisafisha feni yetu kwa brashi na kwa pumzi yake mwenyewe, akaizungusha kwa kidole mpaka ikawa nyepesi. Akakata soketi iliyoyeyuka, akaunga nyaya za ile nyengine rangi kwa rangi, akazifunga tepu, akasukuma rizista mahali pake na kukaza. Faki alimshikia taa ya simu.

"Washa. Namba moja," Mbwana alisema.

Upepo mwembamba ukatoka, kimya kabisa. Mbili. Tatu. Nne. Faki aliibonyeza AC, na ubaridi ukaanza kunipanda kwenye vidole vya mikono.

Niliangua kilio, nakiri. Mbwana akageuka upande kana kwamba anatafuta bisibisi yake.

Chake Chake hadi Mkoani

Hapa hapana cha kusimulia, na hilo ndilo jambo kubwa. Nilikaa katika gari mchana wa kaskazi, jua liko katikati ya mbingu, na niliona njia. Sikuwa nimewahi kuiona kusini ya Pemba kwa mwanga. Niliona mabonde ya mpunga, niliona mikarafuu inavyoshikana juu ya barabara, niliona wasichana wa skuli wanatembea na mitandio myeupe. Nilikuwa nauliza kama mtoto, "Hapa wapi? Na hapa?" Faki akanijibu mpaka akachoka. Nilimwambia aiweke namba mbili, kwa raha ya kuichagua tu.

Mkoani tulimkuta Shaame amesimama majini, suruali ameikunja, anatazama barabara. Maji yalikuwa yameanza kutoka, lakini boti ilikuwa bado inaelea. Alinibusu mkono, akasema, "Mama, kidogo tu ningekwenda zangu nikijua huji." Kwenye boti alikuwa amefunga turubai la kivuli, kwa sababu Riziki alimwambia mama hapendi jua. Hapendi! Nilimkumbatia Faki kwa kuagana, nikamlowesha bega kwa kanga zangu, akabaki na gari, mimi nikaingia baharini na ndoo.

Makoongwe

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Hitima ya arobaini ya mtoto ilikuwa imeshaanza, udi unafuka, madirisha madogo, na kila mwili mle ndani ulikuwa ukiongeza joto la mwenziwe. Riziki aliniona akataka kuinuka na mtoto, wakamkalisha. Aliyenijia alikuwa Bi Mize, mwanamke mrefu, mnyoofu, uso umefungwa.

"Karibu," alisema. "Leo umeona nasi ni watu."

Sauti haikuwa kubwa lakini waliokuwa karibu waliisikia. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitayarisha tangu Chake, jibu zuri, lenye adabu na sumu kidogo. Sikulitoa. Nilikaa mkekani pale aliponionesha, katikati ya chumba, mbali na mlango.

Haukupita muda, ishara zangu zikaanza, kichwa kikagonga mpaka masikioni. Ningeweza kuinuka nitoke nje, na wote wangesema yule kaja, kanusa, kaondoka. Basi nikafungua buibui. Nikalivua. Nikavua na mtandio, nikabaki na kanga niliyojifunga kifuani, na mgongo wangu wote, na mabega, na mikono, vikawa mbele ya macho ya wanawake wa Makoongwe.

Kisomo hakikukatika, lakini kilipungua sauti. Bi Mize alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi anatazama. Halafu nikasikia nyayo zake zinatoka, na mlango wa uani ukafunguka. Nikajisemea, basi, yameisha. Nimekuja, wameniona, hilo linatosha.

Akarudi na beseni la maji ya kisima. Akapiga magoti nyuma yangu, akalowesha kanga, akaikamua, akaitandika mgongoni pangu taratibu, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kama mtu anayefunika unga uliokandwa.

"Tangu lini?" aliuliza sikioni mwangu.

"Tangu utotoni."

"Na njia yote hii umekuja hivi?"

"Nimekuja."

Bi Mize alimgeukia Riziki akanyoosha mikono, akamchukua mtoto, akaniwekea mikononi yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Kichwa chake kilikuwa kimelowa jasho chapachapa, nywele zimeshikana. Nikakilaza begani pangu, papo hapo kwenye kovu, na kila kanga ilipopata joto Bi Mize aliiondoa, akatandika nyengine, mpaka hitima ikafungwa kwa dua.